Nani Kakushinda: Dado au Kadi Tisa?

Mwezi wa Desemba London giza huingia saa kumi jioni, na katika nyumba nyingi za Waswahili wa Leyton, East Ham na Barking hubaki saa tatu nne za kujaza kabla ya chakula cha usiku. Wengine hutazama mpira, wengine hutoa karata. Nyumba ninayoisimulia ina kabati la michezo ya ubao, na ndani yake sanduku moja limezusha ubishi kuliko mengine yote. Ni Seasons, mchezo uliobuniwa na Mfaransa Régis Bonnessée, ukachorwa na Naïade, ukatolewa mwaka 2012 na Libellud, kampuni ya Poitiers ambayo wengi wanaijua kwa mchezo wa Dixit.

Asiyeujua nimweleze kwa ufupi, maana bila hayo mjadala hautaeleweka. Wachezaji ni wawili hadi wanne, nao ni wachawi wanaoshindana kwa muda wa miaka mitatu. Kabla dado haijaguswa, kila mmoja hugawiwa kadi tisa. Anachukua moja, nane anampitishia wa pembeni, naye anapokea nane za mwenzake, anachukua moja, anapitisha saba, mpaka kila mtu awe na kadi tisa alizojichagulia. Kisha anazipanga mafungu matatu: tatu za mwaka wa kwanza, tatu za mwaka wa pili, tatu za mwaka wa mwisho. Hapo ndipo dado zinapoingia. Kila majira yana dado zake tano za rangi yake, na katika kila mzunguko hutupwa dado moja zaidi ya idadi ya wachezaji. Kila mtu anachagua moja, impe nishati ya maji, moto, ardhi au hewa, au fuwele, au nyota ya kumwongezea nafasi ya kadi mezani. Dado iliyobaki bila mwenyewe ndiyo inayosogeza kalenda mwezi mmoja, miwili au mitatu, kulingana na nukta zake.

Sauti za mjadala huu ni nne, nami nimeziita kwa nafasi zao nyumbani. Mjomba alikulia Unguja kwenye bao. Mpwa kazaliwa London, na sanduku ni lake. Shangazi ni mtu wa Mombasa, upande wa baba wa kijana. Jirani ni mhasibu aliyetoka Nairobi. Wanayoyasema, wachezaji wa Seasons wamekuwa wakiyabishania tangu mchezo ulipotoka, ila hapa yamesemwa kwa Kiswahili na mbele ya sahani ya mbaazi na mahamri.

MJOMBA: Mwanangu, mimi nimelelewa na bao. Mashimo 32, kete 64, na hakuna jambo lililofichwa. Barazani ukifungwa huna pa kusingizia. Huwezi kusema kete zimekukataa. Huu mchezo wako unanifikirisha nusu saa nzima nikichagua kadi, halafu linatupwa jiwe la rangi linaniambia leo moto hakuna. Kadi yangu inataka moto. Ile akili yote niliyoitumia imekwenda wapi?

MPWA: Mjomba, kwa heshima, unailaumu dado ya ludo. Ludo dado ni yako peke yako, ukikosa sita unakaa ndani huku wenzako wanazunguka. Hapa zinatupwa katikati na sote tunaziona. Tukiwa wawili zinatupwa tatu. Mimi nikichukua moja, wewe unazo mbili za kuchagua, na unayoiacha ndiyo inayotembeza wakati. Kwa hiyo hata unachokikataa kina kazi.

JIRANI: Hiyo hesabu ni ya watu wawili. Juzi tulikuwa wanne, dado tano mezani, na mimi nilikuwa wa nne kuchagua. Waliotangulia wakabeba tatu nzuri, nikaachiwa mbili, zote haziniingii. Najua zamu ya kuanza inazunguka, lakini majira nayo yanazunguka, na nishati niliyoihitaji ilikuwa nyingi katika majira yale tu. Zamu yangu ya kwanza ilipofika, majira yamekwisha.

MJOMBA: Unamsikia dada yako?

JIRANI: Sijamaliza, Mzee. Mchezo wenyewe unakubali kwamba bahati inaweza kukuonea, ndiyo maana unakuruhusu kuirekebisha mara tatu. Unaweza kubadilisha nishati mbili, au kujiongezea nafasi mezani, au kuvuta kadi mbili ubakize moja. Ila msaada huo si wa bure. Ukiutumia mara moja unakatwa pointi 5 mwishoni, mara mbili 12, mara tatu 20. Mimi nimezoea vitabu vya hesabu: kitu kikiwa na bei iliyoandikwa, ujue mwenye duka anajua thamani yake. Aliyetunga mchezo huu aliipima bahati, akaiwekea bei.

Hoja hiyo ya bei ndiyo iliyonifanya nianze kuandika. Wengi tunaulalamikia mchezo wenye dado kana kwamba mbunifu aliitupa humo ovyo, ilhali dado na akili zimekaa meza moja tangu zamani mno. Hapa hapa London, British Museum, kuna ubao uliochimbuliwa na Leonard Woolley huko Ur katika miaka ya 1920, wenye umri wa zaidi ya miaka 4,000. Watu waliucheza kwa dado za pembe nne. Jumba hilo lina pia kibao cha udongo cha Babeli cha mwaka 177 kabla ya Kristo, ambacho Irving Finkel alikisoma akakuta kanuni za mchezo wa jamii hiyo. Hata sisi karata zetu, pamoja na turufu, ree, kopa, uru, pau na shupaza, majina tuliyapata kwa Wareno, na neno dado limetoka huko huko. Na mtu aliyechanga karata zake vizuri tunamsifu kwa akili, ingawa hakuzichagua.

SHANGAZI: Kabla hamjafika mbali, mimi niweke langu wazi. Dado siigusi. Wanazuoni wengi wa dini yangu wameikataza hata pasipo fedha, wako wanaotofautisha, na mimi nimefuata niliyofundishwa. Simhukumu anayecheza. Lakini kuna la pili, mwanangu. Mchezo unaniambia niwe mchawi. Mchawi kwetu ni mtu wa namna gani?

MPWA: Shangazi, si uchawi wa kuroga mtu. Ni hadithi tu, nchi ya kubuni.

SHANGAZI: Najua ni hadithi. Nauliza neno.

Shangazi ana haki ya kuuliza. Mchawi wa Kiswahili hatoki mchana na hashindani hadharani. Ni mtu anayemdhuru jirani yake usiku, na hakuna mtoto wetu anayeota kuwa yeye. Waingereza wana mchawi mwingine kichwani, mzee mwenye ndevu na vitabu, na London ndiyo iliyosaidia kumpeleka kwenye meza za michezo: Games Workshop ilianzishwa hapa mwaka 1975 na John Peake, Ian Livingstone na Steve Jackson, na duka lake la kwanza likafunguliwa Hammersmith mwaka 1978. Vijana wa jiji hili wamelelewa na mashujaa hao na dado zao. Kwa Seasons mimi napendekeza tuseme mnajimu. Ubao wenyewe ni gurudumu la miezi kumi na miwili, na kazi ya mchezaji ni kujua majira gani yanaleta nini na yanakwisha lini. Hiyo ni kazi ya mnajimu, au ya nahodha wa jahazi anayesubiri kusi. Ubao unaonyesha majira manne ya Ulaya, na Mpwa alijaribu kumtajia Shangazi masika, kiangazi, kipupwe na vuli. Hayalingani vizuri, kwa kuwa kipupwe chetu hakina theluji, lakini neno mnajimu lilipokelewa, na tangu siku hiyo ndilo linalotumika katika nyumba hiyo.

Shangazi hakucheza. Alikaa na chai yake nyuma ya viti, akatazama Jumapili tatu mfululizo. Kila aliyewahi kukaa kwenye baraza la bao anamjua mtazamaji wa namna hiyo, yule asiyeshika kete lakini anaona kuliko walioinama.

SHANGAZI: Shemeji, Jumapili zote tatu ulishindwa, na zote tatu ulilaumu dado. Niambie, leo zimebaki kadi ngapi mkononi mwako?

MJOMBA: Nne.

SHANGAZI: Na kila kadi inayobaki mkononi inakukata pointi 5. Hizo ishirini hazikuchukuliwa na dado. Haya, mezani una kadi ngapi?

MJOMBA: Tano.

SHANGAZI: Kwa nini hukuweka ya sita? Nishati ulikuwa nazo, ghala lako limejaa, zote saba zimo.

MJOMBA: Nafasi hazikutosha. Sikuwa na nyota.

SHANGAZI: Nyota zilipita mbele yako tangu mwaka wa kwanza. Kila ikitoka dado yenye nyota, wewe unachukua moto na mtoto anachukua nyota. Nilitaka kusema, nikaona si adabu kumsemea mchezaji. Na mwaka wa tatu je? Mtoto alipomaliza kadi zake, kila mzunguko aliiacha mezani dado ya nukta tatu, miezi ikakimbia. Wewe ulikuwa bado unakusanya, yeye anafunga mwaka.

MPWA: Hilo nalikiri. Miaka mitatu ni miezi 36. Nikiisogeza mitatu mitatu inakwisha kwa mizunguko kumi na miwili, nikiisogeza polepole mchezo unachukua zaidi ya maradufu. Mjomba ana kadi nzuri za mwishoni, kwa hiyo mwisho nikauleta karibu.

MJOMBA: Kwa hiyo ulininyima muda makusudi.

MPWA: Kama unavyoninyima kete kwenye bao, Mjomba.

Hapo meza ilinyamaza kidogo, na mimi naamini ndipo mjadala ulipogeuka. Mpaka dakika ile walikuwa wakibishania bahati. Shangazi aliwaonyesha kwamba Mjomba hakushindwa na dado hata siku moja kati ya tatu. Alishindwa kwa sababu hakujua nyota ina thamani gani, hakujua kalenda inaweza kusukumwa, na, kama Jirani alivyoonyesha mara baada ya hapo, hakujua kadi alizokuwa akizipitisha.

JIRANI: Sanduku lina aina 50 za kadi, mbili mbili, jumla 100. Kijana anazijua zote kwa moyo. Tulipokuwa wanne, Mzee, ulimpitishia Figrim, yule bahili. Kila majira yakibadilika, kila mpinzani anamlipa mwenye Figrim fuwele moja. Tukiwa wanne ni fuwele tatu kila majira, na majira yanabadilika tena na tena. Wewe uliona picha ya mtu mfupi, ukaiacha. Yeye alipoiona alivuta pumzi.

MPWA: Nilivuta pumzi kweli.

JIRANI: Ndiyo lawama yangu kwa mchezo huu, na dado haimo. Uchaguzi wa kadi tisa unafanyika dakika kumi za mwanzo, na anayezijua kadi keshaondoka na nusu ya ushindi kabla mgeni hajashika nishati yake ya kwanza. Halafu kuna zile za kuumizana. Kairn anakula fuwele nne za kila mpinzani kwa nishati moja. Syllas anakulazimisha uitoe sadaka kadi uliyoiweka mezani kwa jasho. Mgeni hajui kwamba kadi hizo zimo, kwa hiyo hajilindi. Anashtuka tu kitu chake kimeondoka.

MPWA: Lakini dada, bila Kairn na Syllas watu watakuwa wanacheza kila mtu peke yake, wameinamia ubao wao kama wanafunzi wa mtihani. Wako wanaoulaumu mchezo kwa hilo hilo, kwamba hakuna kugusana.

JIRANI: Sikatai. Nasema mgeni aambiwe.

MJOMBA: Basi nanyi mnisikilize. Mnasema nimeshindwa na ujuzi wa kadi. Nakubali. Lakini ujuzi wa bao aliyeketi na mimi anaupata kwa kutazama. Anaona shimo, anaona kete, anaona nyumba yangu imejaa. Hapa ujuzi umefichwa ndani ya kadi ambazo sijawahi kuzisoma. Nitajifunzaje kitu kilichogeuzwa uso?

MPWA: Bao nalo ulinifunga miaka miwili mfululizo kabla sijakufunga hata mara moja.

MJOMBA: Nilikufunga, lakini nani alikaa pembeni yako akikuambia usitakate huko, utaliwa kimbi? Babu yako. Na wewe hapa nani umemweka akae pembeni yangu?

Sina jibu bora kuliko swali hilo. Alex de Voogt, mtafiti Mholanzi, aliandika tasnifu yake ya Leiden ya mwaka 1995 juu ya umahiri wa bao, na aliuchunguza kwa mabingwa wa Zanzibar. Umahiri huo haukukua chumbani kwa mtu mmoja mmoja. Umekua barazani, penye wachezaji wawili na watazamaji wengi, penye mchezo uleule kila jioni kwa miaka. Ugumu wa bao haumfukuzi mgeni kwa sababu umezungukwa na watu wa kumpokea.

Sasa tazama Seasons unachezwa wapi katika jiji hili. Mwaka 2014 Draughts ilifungua milango yake chini ya tao la reli mashariki mwa London, mkahawa ambao unalipa kiingilio, unaagiza kinywaji, unachukua sanduku kwenye rafu. Baadaye ikawa na tawi Leake Street, chini ya reli za Waterloo. Ni jambo jema. Mtu asiye na uwezo wa kununua masanduku ishirini anapata mamia, na vijana wetu wana mahali pa kukaa usiku pasipo lazima ya pombe. Lakini rafu yenye mamia ya masanduku inamfundisha mtu kucheza kila mchezo mara moja, na Seasons kwa mara moja hauonekani. Mara ya kwanza utaona picha nzuri za Naïade, dado kubwa zinazopendeza mkononi, na utashindwa bila kujua kwa nini. Dado ndiyo kitu pekee kilichofanya kelele mezani, kwa hiyo utailaumu hiyo.

Mimi mwenyewe niliuanza hivyo, katika mkahawa mmoja wa michezo ambao sitautaja. Tulikuwa wanne, aliyetufundisha alichanganya kadi zote 100 akatugawia. Wawili wetu hawakutaka kuuona tena mchezo huo. Miezi kadhaa baadaye, niliposoma kitabu cha kanuni peke yangu, nikakuta kimepanga ngazi tatu za kujifunza. Mwanafunzi wa mwanzo anapewa kifurushi cha kadi tisa zilizokwisha kuchaguliwa, na kadi za nambari 31 hadi 50, ambazo ndizo ngumu, zinawekwa kando mpaka mtu azoee. Baba yake mchezo alijua mgeni ataumia, akamwandalia ngazi, nasi tukairuka. Nilisikitika kwa ajili ya wale wawili.

Jumapili ya nne Mpwa alifanya jambo la kiungwana. Alizimwaga kadi 30 za mwanzo mezani, uso juu, akampa Mjomba na kikombe cha kahawa azisome moja moja kwa muda aupendao. Shangazi akavuta kiti akakaa ubavuni mwa shemeji yake, na safari hii hakuna aliyesema kumsemea mchezaji ni kukosa adabu. Walicheza wawili tu, Mjomba na Mpwa, kwa vifurushi vya wageni. Kwa watu wawili Figrim angekuwa na fuwele moja tu kila majira, dado ni tatu na mbili kati yake unazichagua wewe au mwenzako, na kila kinachoachwa mezani kimeachwa na mtu unayemwona usoni. Hivyo ndivyo ninavyoupenda mchezo huu, na kwa hoja ya Jirani juu ya wanne nasimama upande wake bila kusita: wanne ni wengi mno kwa meza yenye mgeni.

MJOMBA: Nimechukua nyota.

SHANGAZI: Vyema. Na ile ya nukta tatu usimwachie.

Mjomba alishindwa tena, kwa pointi tisa. Mkononi hakikubaki kitu. Aliuliza wacheze tena kabla ya chakula, na wakacheza.

Hukumu yangu basi ni hii. Wanaosema Seasons umeharibiwa na dado wanamwonea mbunifu, kwa maana dado zake ni za wote, zinaonekana, na hata kuzisahihisha kuna bei inayojulikana. Wanaosema mchezo huu unamwonea mgeni wana haki, na lawama hiyo inamwangukia mwenye sanduku anayegawa kadi tisa kwa mtu ambaye hajawahi kusoma hata moja. Wewe mwenye sanduku, iwe London au kwingineko, mpe mgeni wako kadi azisome kwanza, mtengee kifurushi chake, na mtafutie mtu wa kukaa ubavuni mwake. Na kama jioni ile huna muda wa kufanya hivyo, sanduku liache kabatini, toa karata mcheze arubastini, ambayo kila mtu mezani anaijua.